Moshi, Gesi na Hewa: Lugha ya Jiko na Sayansi ya Mwako katika Muktadha wa Kipsongo

Ikisiri

Tafiti za uhandisi kuhusu mtiririko wa giligili, usafiri wa joto na mwako hufanywa na kuandikwa kwa Kiingereza katika vyuo vikuu vya Kenya, ilhali moto unaochunguzwa huwashwa, huchochewa na kuzimwa na watu ambao aghalabu huwasiliana kwa Kiswahili. Makala hii inalifafanua jiko la kupikia kama chombo cha kihandisi kwa kutumia msamiati wa Kiswahili, kisha inachunguza mahali ambapo msamiati huo unafaulu na mahali unapokwama. Mtaa wa Kipsongo, mjini Kitale, umechukuliwa kama muktadha. Makala inatoa hoja kwamba lugha ya jikoni tayari imebeba sehemu kubwa ya sayansi ya mwako, lakini ina pengo moja la hatari: haina jina wazi la sumu isiyoonekana inayotoka kwenye makaa. Pengo hilo ni la istilahi, na gharama yake ni uhai wa watu.

1.0 Utangulizi

Kipsongo ni mtaa wa makazi duni ulio pembezoni mwa mji wa Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Wengi wa wakazi wake ni familia za Waturkana walioziacha nyanda kame za kaskazini kwa sababu ya ukame na uvamizi wa mifugo, wakaja kuishi karibu na Wabukusu, Wasabaoti na watu wa jamii nyingine. Katika mtaa wa aina hii, Kiswahili si lugha ya shule na ofisi peke yake. Ndiyo lugha ya kununulia makaa kwa mkebe, ya kuombea kaa la moto kwa jirani, na ya kumwonya mtoto asilisogelee jiko.

Kitale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo una athari mbili zinazohusu mada hii. Kwanza, shinikizo la hewa ni kama nne kwa tano tu ya lile la Mombasa. Kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharagwe na githeri vikichemshwa kwenye maji ambayo hayawezi kupita nyuzi hizo, huchukua muda mrefu zaidi kuiva, na kuni au makaa zaidi huteketea. Pili, usiku ni wa baridi, na baridi huwafanya watu waliingize jiko ndani ya nyumba walalamo. Athari ya kwanza inagusa mfuko. Ya pili inagusa uhai.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, mtafiti wa chuo kikuu akitaka kumweleza mpishi wa Kipsongo jinsi moto unavyofanya kazi, Kiswahili kitamtosha? Ili kulijibu, inafaa kwanza sayansi yenyewe ielezwe kwa Kiswahili, maana uwezo wa lugha hupimwa kwa kuitumikisha.

2.0 Mwako: Kinachowaka Si Kuni

Nomino "mwako" imetokana na kitenzi "waka" kwa njia ile ile iliyozalisha "mnato" kutoka "nata" na "mtiririko" kutoka "tiririka". Ni istilahi angavu: asiyewahi kuisikia anaweza kuikisia. Katika sayansi, mwako ni mmenyuko wa haraka baina ya fueli na oksijeni unaotoa joto na mwangaza.

Mtu akitazama kuni zikiwaka hudhani kwamba mti ndio unaotoa miali. Sivyo. Ukuni ukitiwa motoni hupitia hatua kadhaa. Kwanza hukauka: maji yaliyomo hugeuka mvuke. Halijoto ikizidi nyuzi 200 hadi 300, mti huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi mbalimbali. Takriban robo tatu au zaidi ya uzito wa ukuni mkavu huondoka kwa njia hiyo. Gesi hizo ndizo zinazowaka na kufanya ndimi za moto. Kinachobaki ni kaa, ambalo huwaka usoni mwake kwa wekundu, bila miali mirefu.

Kutokana na maelezo hayo, maana ya moshi hubadilika. Moshi mzito wa kuni si ishara ya moto mkali. Ni fueli iliyotoroka kabla ya kuwaka. Ndani yake mna matone ya lami, chembechembe za masizi na gesi ambazo zingetoa joto lau zingepata nafasi. Mpishi anayepikia kwenye moshi mwingi anazilipia kuni zake mara mbili: kwanza kwa fedha, kisha kwa kifua.

Gesi hizo zinahitaji mambo matatu ili ziwake zote: halijoto ya kutosha, muda wa kutosha ndani ya sehemu yenye moto, na kuchanganyika vyema na hewa. Wahandisi wa mwako hufundishwa mambo hayo matatu mapema sana, na mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuyaita mafiga matatu ya mwako. Methali isemayo kuwa jifya moja haliinjiki chungu inafaa hapa bila kulazimishwa. Ukiongeza hewa nyingi mno, moto hupoa na figa la halijoto huanguka. Ukilisogeza sufuria karibu mno na miali, gesi hugusa chuma baridi kabla ya kumaliza kuwaka. Figa la muda huanguka na masizi hushika kitako cha sufuria. Kuni mbichi nazo huangusha figa la halijoto. Kilo moja ya kuni ambazo nusu ya uzito wake ni maji hutumia megajuli 1.3 hivi kuyapasha na kuyavukiza maji hayo, kati ya megajuli 9 hivi ambazo nusu kilo ya mti mkavu ingetoa. Hasara hiyo si kubwa sana kwa tarakimu. Madhara makubwa ni kwamba mvuke huupoza moto, na moto uliopoa hutoa moshi.

Hali ya makaa ni tofauti. Makaa yamekwisha kuchomwa tanurini na gesi nyingi za mti zimeondoka. Kilichobaki ni kaboni kwa sehemu kubwa. Kilo moja ya kaboni ikiwaka kikamilifu hadi kuwa kaboni dioksidi hutoa megajuli 33 hivi. Ikiishia njiani na kuwa monoksidi ya kaboni, hutoa megajuli 9 tu. Yaani zaidi ya thuluthi mbili za joto hubaki ndani ya gesi inayopotelea hewani, na gesi hiyo ni sumu. Jambo hili litarejelewa katika sehemu ya 6.0.

3.0 Usafiri wa Joto: Njia Tatu za Kufika Sufuriani

Joto likishapatikana, sharti lifike kwenye chakula. Fizikia hutambua njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho, ambapo joto hupita ndani ya kitu kigumu, kama linavyopanda kwenye kijiko cha chuma kilichoachwa kwenye uji. Ya pili ni myuko, ambayo baadhi ya maandishi huiita msafara: joto hubebwa na giligili inayosonga, iwe hewa moto inayopanda au maji yanayozunguka ndani ya sufuria. Ya tatu ni mnururisho, istilahi iliyotokana na "nuru": joto husafiri kama mwangaza bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Anayeota moto kando ya jiko huku mgongo wake una baridi anapokea mnururisho.

Kanuni ya mpitisho iliwekwa wazi na Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1822. Kwa ufupi, joto hupita kwa wingi zaidi tofauti ya halijoto inapokuwa kubwa na ukuta unapokuwa mwembamba, na wingi huo hutegemea pia aina ya kitu. Chuma cha kawaida hupitisha joto mara 50 hivi kuliko udongo uliochomwa. Mwanafunzi anayeelewa sentensi hiyo ameelewa sababu ya kuwekwa kwa bitana ya udongo ndani ya jiko la bati.

Mnururisho una kanuni yake, iliyotokana na kazi ya Josef Stefan mwaka wa 1879 na Ludwig Boltzmann mwaka wa 1884: nguvu ya mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto halisi. Makaa yenye nyuzi 800 hunururisha zaidi ya mara tatu na nusu kuliko makaa yenye nyuzi 500. Ndiyo maana mpishi akipepea makaa kidogo tu, sufuria huitikia mara moja.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa hasara. Kupasha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 94, yaani hadi yachemke Kitale, kunahitaji megajuli 0.62. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa kwa hewa ina megajuli 16 hivi. Kama joto lote lingeingia ndani ya maji, gramu 40 za kuni zingetosha. Ni kijiti tu. Lakini moto wa mafiga matatu ulio wazi aghalabu hufikisha kwenye sufuria sehemu kama moja kwa nane tu ya joto lake. Kwa hivyo gramu 310 hivi huteketea. Jiko likiinua sehemu hiyo hadi robo, kuni hupungua kwa nusu. Mtu anayepima kuni zake kwa shilingi haihitaji hesabu hiyo imfafanuliwe mara mbili.

Kuna somo jingine lililofichika katika joto fiche, yaani joto linalotumika kugeuza maji kuwa mvuke bila kupandisha halijoto. Kulifikisha lita moja la maji kwenye mchemko huko Kitale kunahitaji megajuli 0.31, kulivukiza lote kunahitaji megajuli 2.26 hivi, zaidi ya mara saba. Maji yanayochemka kwa nguvu hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu. Yote yako kwenye nyuzi 94. Tofauti ni kwamba yale ya kwanza yanavukiza fedha za mpishi. Kifuniko cha sufuria na moto wa wastani baada ya mchemko vina faida sawa na jiko jipya, na havinunuliwi.

4.0 Mtiririko: Moshi wa Ubani kama Maabara

Giligili ni jina linalojumuisha vimiminika na gesi, kwa kuwa vyote hutiririka. Namna inavyotiririka ni ya aina mbili, na yeyote aliyewahi kufukiza ubani ameziona zote. Moshi unapotoka kwenye chetezo huinuka kama uzi ulionyooka. Ukifika juu kidogo, uzi huvurugika na kujikunjakunja. Sehemu ya chini ni mtiririko tulivu, ya juu ni mtiririko wa msukosuko. Mwaka wa 1883, Osborne Reynolds wa Manchester alionyesha jambo hilo kwa kupitisha uzi wa rangi ndani ya maji yaliyotiririka kwenye bomba la kioo. Aligundua kwamba mpito kutoka utulivu hadi msukosuko hutegemea uwiano mmoja unaojumuisha kasi, upana wa njia, densiti na mnato wa giligili. Uwiano huo huitwa namba ya Reynolds hadi leo.

Katika jiko, msukosuko si adui. Ndio unaochanganya gesi za kuni na oksijeni, na hivyo kulisimamisha figa la tatu la mwako. Tatizo la jiko dogo ni kwamba hewa huingia polepole, na gesi huweza kupanda sambamba na hewa bila kuchanganyika nayo.

Hewa huingia jikoni kwa nguvu gani? Hewa moto ni nyepesi kuliko baridi. Hupanda, na ile baridi hujaza nafasi yake kupitia mlango wa chini. Kadiri njia ya kupandia inavyokuwa ndefu na moto unavyokuwa mkali, ndivyo mvuto wa hewa unavyoongezeka. Dohani hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Kitale, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, mlango wa jiko wenye ukubwa ule ule huingiza oksijeni kidogo zaidi. Jiko lililopimwa maabarani kwenye usawa wa bahari halina budi kupimwa tena nyanda za juu kabla halijasifiwa huko.

Kanuni hizi haziishii kwenye jiko la nyumbani. Katika Kaunti jirani ya Bungoma, kampuni ya sukari ya Nzoia, iliyoundwa mwaka wa 1975, iliendesha mitambo yake kwa mvuke uliotokana na kuchoma makapi ya miwa. Makapi hayo yakitoka kwenye vinu huwa karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hivyo mhandisi wa tanuri kubwa hupambana na adui yule yule wa mpishi mwenye kuni mbichi. Tofauti ni kwamba mhandisi ana vipimo na istilahi za kuitajia hali hiyo.

5.0 Majiko ya Kenya: Maabara kwa Kiingereza, Soko kwa Kiswahili

Jiko la bati la makaa linahusishwa na wafanyakazi wa Kihindi waliokuja kujenga reli mwishoni mwa karne ya 19. Lilikuwa jepesi na la bei nafuu, lakini lilipoteza joto pande zote. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu uliofanyika Nairobi mwaka wa 1981, juhudi za kuliboresha zilishika kasi. Wabunifu waliazima wazo la jiko la ndoo la Thailand lenye bitana ya udongo, wakalirekebisha kwa kushirikiana na mafundi wa jua kali. Matokeo yakawa jiko lenye kiuno chembamba, kama kengele mbili zilizounganishwa, na bitana ya udongo katika nusu ya juu. Kiuno hicho huishikilia bitana isianguke na hulipunguzia jiko uzito. Mtu aliyesoma sehemu ya 3.0 anaona mara moja: udongo umezuia mpitisho, nao umeyaweka makaa katika halijoto ya juu ili mnururisho uongezeke.

Kwa upande wa kuni, katikati ya miaka ya 1980 Wizara ya Nishati, shirika la Ujerumani la GTZ na Maendeleo ya Wanawake walieneza jiko la udongo lisilohamishika ambalo lilipewa jina la Maendeleo. Baadaye, huko magharibi mwa Kenya, aina hiyo ilijulikana kama Upesi. Yalikuwapo pia Kuni Mbili na Jiko Kisasa, na katika miaka ya 2010 likaja Jikokoa.

Mwanaisimu hawezi kuyapita majina haya bila kusimama. "Upesi" linaahidi muda, "Kuni Mbili" linaahidi kiasi cha fueli, "Jikokoa" limeunganisha "jiko" na "okoa". Kila jina ni muhtasari wa dai la kihandisi, na kila jina ni la Kiswahili. Waliotaka bidhaa inunuliwe walijua lugha ya kuizungumza. Tasnifu zinazoeleza kwa nini bidhaa hizo hufanya kazi ziko kwa Kiingereza, na utaratibu wa kimataifa wa kupima majiko maabarani, ISO 19867-1 wa mwaka 2018, hauna sura ya Kiswahili mikononi mwa fundi wa jua kali. Mpishi ameuziwa jina, sayansi imebaki maktabani.

Hali hii ina sababu za kihistoria. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, lakini nchini Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na istilahi isiyofundishwa haiishi. Matokeo mojawapo ni uwili wa istilahi: Wakenya wamezoea "halijoto", Watanzania "jotoridi", Wakenya husema "makaa" pale Watanzania wasemapo "mkaa". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, urasmi wa katiba haujaingia maabarani.

6.0 Moshi, Gesi na Hewa: Pengo Lenye Gharama

Hadi hapa lugha imehimili. Hata vitenzi vya jikoni vina usahihi ambao mhandisi angeutamani. "Kupepea" ni kulazimisha myuko kwa nguvu ya mkono. "Kuchochea" ni kupanga fueli upya ili ipate hewa. "Kupalia makaa" ni kuyaweka makaa ya moto juu ya chombo ili joto lishuke, kama afanyavyo mpishi wa pilau. "Kufukuta" ni kuungua chini kwa chini bila miali, hali ambayo sayansi ya mwako huitenga kabisa na ile ya kuwaka kwa miali. Fasihi imekwisha kuvitumia vitenzi hivi kama sitiari za uchochezi na chuki iliyofichwa; sayansi inaweza kuvitumia kwa maana zake za asili.

Pengo linaonekana mtu anapojaribu kutaja monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikaiziba nafasi ya oksijeni. Hutokana na makaa kwa njia mbili. Hewa isipotosha, kaboni huishia nusu ya mwako. Aidha, kaboni dioksidi iliyotengenezwa chini ya jiko hupanda kupitia makaa mekundu yaliyo juu na kugeuzwa kuwa monoksidi. Miali midogo ya samawati ichezayo juu ya makaa ni monoksidi hiyo ikiwaka. Miali hiyo ikitoweka kwa sababu moto unafifia, gesi huendelea kutoka bila kuwaka.

Sasa itazamwe lugha. Katika matumizi ya kawaida, hatari ya moto wa kupikia huitwa "moshi", na moshi ni kitu kionekanacho na kiwashacho macho. Makaa yaliyokolea hayana moshi. Kwa hivyo mantiki ya lugha humwongoza msemaji kwenye hitimisho hili: makaa hayana moshi, basi hayana madhara, na yakikolea yanaweza kuingizwa ndani. Wakati hasa ambao jiko huonekana salama zaidi ndio wakati ambao mlango hufungwa na watu hulala. Vifo vya namna hiyo vimeripotiwa Kenya mara nyingi.

Je, neno "gesi" haliwezi kutumika? Katika miji ya Kenya, "gesi" ni mtungi wa kupikia. Mwenye jiko la makaa akiambiwa ajihadhari na gesi atajibu, kwa haki kabisa, kwamba yeye hatumii gesi. Neno "hewa" nalo lina kasoro. Kwa kawaida hewa ni kitu kizuri. Na "hewa chafu" humpeleka msikilizaji kwenye harufu ya mtaro na takataka, ilhali sumu hii haina harufu. Istilahi "monoksidi ya kaboni" ni sahihi na inafaa darasani, lakini haimwambii chochote asiyesoma kemia. Maneno matatu yapo, na kila moja linampotosha msikilizaji kwa njia yake.

Hata pale hatari inapoonekana, lugha huificha kwa njia nyingine. Msemo "kupata jiko", kwa maana ya kuoa, umemfunga mwanamke na moto katika neno moja. Utafiti wa Majid Ezzati na Daniel Kammen uliofanywa Laikipia na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2001, ukihusisha nyumba 55, ulionyesha kwamba maradhi ya njia ya hewa huongezeka kadiri mtu anavyovuta chembe za moshi zaidi. Tafiti za mradi huo zilionyesha pia kwamba wastani wa siku hautoshi kueleza madhara: anayewasha, anayechochea na anayepakua hukumbana na vipindi vifupi vya moshi mzito mno, na aghalabu mtu huyo ni mwanamke, akiwa na mtoto karibu naye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 hewa iliyochafuliwa majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, makala hii inapendekeza istilahi ya ngazi mbili kwa monoksidi ya kaboni. Darasani na maabarani ibaki "monoksidi ya kaboni". Katika mawasiliano ya umma itumike "sumu ya makaa". Istilahi hii ni angavu, hutaja chanzo, haitegemei harufu wala kuonekana, na haigongani na mtungi wa gesi. Onyo linaweza kusemwa kwa sentensi moja: sumu ya makaa haina moshi. Kasoro yake ni kwamba gesi hiyo hutokana pia na kuni na injini, kwa hivyo isichukue nafasi ya istilahi ya kitaaluma.

Pili, zipo istilahi zinazoweza kuvunwa jikoni badala ya kutafsiriwa kutoka Kiingereza:

– mfukuto: mwako wa chini kwa chini usio na miali, kutokana na "fukuta";
– mwako wa miali: mwako wa gesi zinazotoka kwenye fueli;
– mvuto wa hewa: nguvu inayoingiza hewa jikoni kwa sababu hewa moto hupanda;
– bitana ya jiko: tabaka la ndani la kuzuia joto lisipotee, kwa kupanua maana ya neno la ushonaji;
– mafiga ya mwako: halijoto, muda na mchanganyiko, kwa jumla yake.

Tatu, vyuo vikuu vilivyo karibu na Kitale vina nafasi ya pekee. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Masinde Muliro hufundisha uhandisi na Kiswahili pia. Tasnifu yoyote ya uhandisi inayohusu nishati ya nyumbani ingeweza kuambatishwa muhtasari wa kurasa mbili wa Kiswahili, ulioandikwa kwa ushirikiano na mwanafunzi wa Kiswahili. Mwanafunzi wa uhandisi angelazimika kujua kama ameielewa dhana yake bila kujificha nyuma ya istilahi za Kiingereza. Wa Kiswahili angepata data hai ya istilahi badala ya orodha za kamusi.

Nne, istilahi zijaribiwe kabla ya kusanifishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la ITDG liliwashirikisha wakazi wa Kipsongo na mitaa mingine ya Kitale katika kupanga maendeleo ya mitaa yao. Kama wakazi wanaweza kushirikishwa kuhusu njia na maji, wanaweza kuulizwa pia wanaelewa nini wasikiapo "sumu ya makaa". Itakuwa busara swali hilo liulizwe pia kupitia wakalimani wa Kiturkana, kwani kwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba dhana za msingi za mwako, usafiri wa joto na mtiririko zinaelezeka kwa Kiswahili bila kukopa kupita kiasi, na kwamba msamiati wa jikoni ni hazina ambayo wanaistilahi hawajaichimba vya kutosha. Imeonyesha pia kwamba utoshelevu wa lugha haupimwi kwa wingi wa istilahi. Lugha inaweza kuwa na maneno mengi kuhusu moto na bado ikakosa neno moja linalohitajika usiku mlango unapofungwa. Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuulizwa taaluma yao inamfaa nani. Kitale, kwenye mwinuko wa mita 1,900, wakati wa baridi, swali hilo lina jibu: inamfaa anayehitaji kuambiwa, kwa neno atakaloelewa papo hapo, alitoe jiko nje kabla hajalala.